Barua Mbili Kuhusu Ndugu Yangu

Ndugu yangu mkubwa alikuwa dereva wa jeshi, akastaafu akiwa bado na nguvu zake. Alirudi nyumbani Mitunguu kumsaidia Baba kumwagilia ndizi, na baada ya miezi michache kazi hiyo ikamchosha. Ndipo wakala mmoja alipokuja Meru mjini kutafuta wanaume waliowahi kushika bunduki. Kazi ilikuwa ya ulinzi, Iraki, chini ya kampuni ya Wamarekani.

Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alimuuliza tukiwa mezani, "Hao Wamarekani wanapigania nini huko?"

"Wanasema ni uhuru wa wale watu."

"Na wewe?"

"Mimi naenda kulinda geti, Baba."

Wakati huo nilikuwa nafundisha historia katika shule ya upili Embu, nikikaa mtaa wa hapo mjini uitwao Dallas. Ndugu yangu alipofika Iraki alikuwa akinipigia simu kila Jumapili, nikishatoka kanisani. Magazetini watu walikuwa wamegawanyika kuhusu vita hivyo, wengine wakisema ni demokrasia, wengine mafuta. Nikamuuliza yeye aliyeko huko anaonaje.

"Mwalimu, hapa ninao watu wa aina zote mbili," akasema.

Aliniambia kulikuwa na mwanajeshi kijana, Mmarekani, aliyejenga darasa la watoto kwa mikono yake. Lilipochomwa, alikaa chini akalia mbele ya watu. Na kulikuwa na msimamizi wa kampuni ambaye kila asubuhi aliuliza jambo moja tu, kama malori ya mafuta yameshapita.

"Yule kijana walimhamisha," ndugu yangu akasema. "Malori bado yanapita."

"Kwa hivyo ni mafuta."

"Sijui. Yule kijana hakuwa anadanganya."

Ndugu yangu alikufa kabla mkataba haujaisha. Lori lililipuka pale getini akiwa zamu. Habari ilinikuta katika chumba cha walimu, saa nne, na nakumbuka nilimaliza chai yangu kabla ya kuinuka kwenda kumwambia mwalimu mkuu.

Mwili ulichelewa kufika. Jeneza lilikuja limefungwa, tukaambiwa tusilifungue. Mama aliliwekea kiganja ubavuni, akakiacha hapo muda, kisha akaenda jikoni kuangalia githeri ya wageni.

Mazishini wakala alisimama akasoma barua ya kampuni. Ilisema ndugu yangu alitoa uhai wake kwa ajili ya uhuru wa watu wengine. Waombolezaji wakasema amina. Baada ya chakula aliniita kando, akanipa barua ya pili niitie sahihi kwa niaba ya familia. Hiyo ilisema marehemu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya biashara, hakuwa mwanajeshi wa nchi yoyote, na kwamba alipata ajali kazini.

Baba akataka nimsomee zote mbili kwa Kimeru. Nikamsomea, polepole, kama ninavyowasomea wanafunzi imla.

"Ya kweli ni gani?" akauliza.

"Zimetoka ofisi moja, Baba."

Alitazama upande wa shamba. "Basi weka sahihi. Huyu mtu ana safari."

Niliweka sahihi juu ya boneti ya gari la wakala. Nilidhani kilio kingekuja usiku ule, halafu nikadhani kingekuja Jumapili, saa ya kupigiwa simu. Hakikuja. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya wiki mbili lakini siku ya nne nilikuwa darasani, maana nyumbani sikuwa na la kufanya.

Tulikuwa tumefikia mada ya mataifa makubwa kuingilia nchi nyingine. Msichana mmoja wa kidato cha nne akainua mkono.

"Mwalimu, huwa wanaenda kwa sababu wanaamini kitu, ama ni biashara tu?"

Wenzake waligeuka kumtazama, kwa sababu walijua nimetoka kumzika ndugu yangu. Nilimwambia aandike sababu zote mbili, kila moja na mfano wake, na mtahini atampa alama. Akainama akaandika. Nikafuta ubao, nikaanza mada iliyofuata.