Picha Moja ya Mjomba

Nilipopanda treni Mombasa kwenda Kampala, mama alinituma kitu kimoja tu: picha ya kaka yake. Hawakuwa wameonana tangu mama aolewe pwani. "Usiniletee salamu," alisema. "Niletee sura yake."

Mjomba alikuwa na duka la vitambaa Kisenyi, na siku ile alilifunga ili anitembeze. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti jeusi na tarbushi. Mimi nilikuwa na kamera ya kuazima na filamu mbili. Ila kwao mgeni habebi kitu, kwa hiyo tangu mlangoni kamera ilining'inia shingoni mwa mjomba.

"Piga nyumba za Mungu na za wafalme," aliniambia. "Mji usipige. Siku hizi wanajeshi hawataki."

Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, tulivua viatu, nikakaa mkekani miguu nimeikunja upande kama wanawake wa pale, mpaka ganzi ikanishika. Nilipotoka nachechemea, mjomba akainua kamera. "Kabaka angekuona, angekurudisha kwenu na treni ya leo!" Nilicheka hadi nikajishika kwenye ua wa matete, naye akabofya.

Namirembe nilitaka picha mbele ya kanisa, kisha ngazini, kisha nimeangalia pembeni. Filamu ya kwanza yote ikaishia kwangu. Niliitia mfukoni, yeye akaweka ya pili.

"Sasa na mimi, mwanangu."

Nikamwambia asubiri Kibuli, mbele ya msikiti, ndipo atapendeza. Uongo mtupu. Nilikuwa nimenogewa na sura yangu mwenyewe.

Tulipofika Kibuli, mjomba alinipa kamera, akaenda kusimama mbele ya msikiti, akanyoosha tarbushi na kukaza uso kama bwana harusi. Nikageuka, nikauona mji wote chini yetu, vilima na mabati yanang'aa. "Ngoja kidogo, mjomba." Nikampa mgongo, nikapiga mji.

Gari lilisimama nyuma yetu. Kabla sijaelewa, mjomba alikuwa ameshafika, ameichukua kamera mkononi mwangu na kuivaa shingoni.

"Hii kamera iko ya nani?" mwanajeshi aliuliza.

"Yangu, afande. Huyu mgeni tu, hajui kitu."

Mwanajeshi alinitazama. Kinywa kilikuwa changu, na neno lilikuwa moja tu. Nilinyamaza. Wakampandisha garini na kamera yake shingoni, naye akaniambia nipitie kwa mkewe nile kabla chakula hakijapoa.

Hakurudi. Mkewe alizunguka kambi na vituo, na kila aliyetaka kumsaidia alimwuliza kama ana picha. Ile ya kitambulisho ilikuwa kwenye koti la mjomba. Aliponigeukia mimi, nilitoa filamu mfukoni, nikalia.

Niliporudi Mombasa, tuliisafisha ile filamu. Picha kumi na mbili, zote mimi. Mama alizipitia moja moja bila kunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisimama kwenye ile ya Kasubi.

"Hapa alikuwa anakuchekesha," alisema.

Aliitia fremu, akaitundika sebuleni. Wageni wakiingia humsifu kwa binti mwenye kicheko kizuri. Mama hushukuru. Akibaki peke yake, husimama mbele ya picha hiyo na kumwombea kaka yake dua.