Ukuta Uliopindisha Jipu la Mama Simone

Jua la Likasi bado linajipapasa nyuma ya milima, na tayari miguu miwili imejitokeza chini ya gari la jipu katika ua mmoja wa mtaa wa Kikula. Ni miguu ya Théophile, fundi wa kuchomelea. Sehemu yake iliyobaki imelala chali juu ya gunia, inaigonga chasi kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

Ngo. Ngo. Ngo. Halafu: kle.

"Hapa," anasema kutoka chini. "Hapa njo iko naumwa."

Mwenye jipu, Mama Simone, amesimama kando, mikono kiunoni.

"Papa Théophile, minye sikukuletea gari ya kusikiliza. Nilikuletea gari ya kutengeneza."

"Mama, chuma iko nasema. Kama hatuisikilize hapa, itasema mu njia ya Kakanda, na kule itasema na nguvu."

Jipu hilo lina karibu miaka hamsini. Mama Simone hulitumia kubeba mahindi kutoka vijiji vya mbele ya Kakanda, ambako wakati wa mvua magari mengine hugeuzia njiani. Mtaa mzima unaliita Directeur, yaani mkurugenzi, kwa sababu huchelewa kufika na haliendi popote bila watu kulisukuma.

Mwezi uliopita Directeur liliingia katika shimo moja la njia hiyo. Wasafiri wanasema ukitumbukia humo Jumatatu unatokea Jumatano, na katikati kuna mtu anauza chai. Directeur lilitoka siku ileile, lakini lilitoka limepinda kiuno, na upande wa kushoto wa chasi kuna ufa unaoweza kumeza ncha ya kisu.

Tangu hapo mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu hajamwacha Mama Simone apumue. Jumamosi anakuja na lori lake. Jipu likinyooka, Mama Simone anarudi kwenye mahindi. Lisiponyooka, Directeur linakatwa vipande, naye anarudi kuuza nyanya juu ya meza sokoni, kazi aliyoiaga siku aliyolinunua.

"Kama haitembee sawa Ijumaa mangaribi, nitakubali," anasema. "Sitalia hapa. Nitalia ku nyumba."

Théophile, mwenye miaka 61, hakusomea kazi hii. Alizaliwa Kapolowe, kwa mvuvi, akajifunza kuchomelea kwa kuchungulia mafundi wa mjini kupitia kipande cha chupa nyeusi, hadi mmoja wao alipochoka kumfukuza na kumpa nyundo. Mwezi mzuri anaingiza faranga laki tatu hivi. Mwezi mbaya anatengeneza mbabula, majiko ya makaa, na wateja wengine humlipa kwa unga.

Kunyoosha chasi kwake ni kazi ya subira. Upande mmoja anaufunga kwa mnyororo kwenye kipande cha reli kilichozikwa uani. Anasema amekizika kwa kina hata upande wa pili wa dunia kuna mtu anakitumia kuanikia nguo. Palipopinda anapachoma kwa gesi mpaka pawe pekundu, jeki inasukuma kidogo, chuma kinapumzika, jeki inasukuma tena.

Kila baada ya hatua anarudi nyuma, anafumba jicho moja, analinganisha chasi na ukuta wa nyumba yake. Ukuta huo aliujenga mwenyewe kwa matofali ya udongo wa kichuguu, na mgeni hafiki hapo bila kuoneshwa. Alhamisi adhuhuri, chasi na ukuta vinaonekana kama ndugu waliozaliwa siku moja.

Mkewe, Christiane, anasonga bukari, ugali wa huku. Anatazama kwa muda, kisha anauweka mwiko chini.

"Papa Gaëlle," anasema, akimwita kwa jina la binti yao, "unapima na nini?"

"Na ukuta."

"Ile ukuta?"

"Iko ingine?"

Christiane anaanza kucheka, kwanza mabega tu. "Minye na ile ukuta tunaishi miaka makumi mbili. Kabati yetu inaigusa huku. Kule, paka inapita nyuma, na tumbo yake yote."

"Ukuta iko sawa. Kabati njo ilipinda."

Ubishi wa namna hii huamuliwa kwa ndoo ya maji. Wanamwaga maji uani hadi udongo unalainika, kisha majirani wanalisukuma jipu polepole juu yake. Gari lililonyooka, magurudumu ya nyuma hukanyaga njia ya yale ya mbele, na chini hubaki mistari miwili.

Directeur limeacha minne.

"Inatembea sawa na mbwa yenye kuiba nyama," anasema Mama Simone, na hacheki.

Théophile anaitazama mistari, anautazama ukuta, anaingia ndani. Jirani mmoja anasema ameenda kuliomba kabati msamaha. Anatoka na uzi, timazi na chaki. Anadondosha timazi kutoka pembe nne za chasi, anaweka alama juu ya vibao alivyovilaza chini, kisha anavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, kwa kukingama. Nyuzi mbili zilipaswa kulingana kwa urefu. Zimezidiana kwa upana wa vidole vitatu.

Christiane ameshika ncha ya pili.

"Shika pale, usicheke," anaambiwa.

"Niko nashika. Kucheka haiko kazi ya mukono."

Gesi inawashwa upya. Ijumaa, jua likiwa utosini, nyuzi zinalingana. Sasa umebaki ufa. Théophile anatoboa tundu dogo katika kila ncha yake ili usiendelee kusafiri, anaupanua kwa tupa, anawasha mashine ya kuchomelea. Mashine inakohoa na kunyamaza. Ni saa ya chakula, na umeme wote wa mtaa umezama ndani ya bukari: kila nyumba imewasha réchaud, jiko lake la umeme.

Christiane anajifunga kitambaa na kwenda mlango kwa mlango kuomba wazime kwa saa moja. Kwa kuwa hana cha kuwapa, anawapa habari: mume wake amenyoosha gari kwa kufuata ile ukuta. Hakuna asiyeujua ukuta huo. Kicheko kinashuka mtaa mzima, na nyuma yake réchaud zinazimwa moja baada ya nyingine.

"Papa Gaëlle," anaita Mamie, jirani, kutoka upande wa pili wa ua, "tumezima. Lakini ku nyumba yetu usikuye kupima."

"Sitakuya, Mama. Zima tu."

Umeme unarudi kwa nguvu kiasi kwamba, wanavyosimulia mtaani, redio ya Mamie iliyokufa zamani ilifufuka na kusoma habari za mwaka iliokufa. Mashine inanguruma, ufa unajaa. Juu yake Théophile anaweka bamba la chuma na kulichomelea taratibu, akiuacha moto upoe kila baada ya kipande.

Jioni maji yanamwagwa tena. Mama Simone ameligeuzia jipu mgongo. Jipu linapita nyuma yake kwa injini yake lenyewe, likifuka moshi, safari hii bila kusukumwa.

"Mistari ngapi?" anauliza, bila kugeuka.

Christiane anainama. "Mbili, Mama. Geuka uone."

Mama Simone anageuka, anachuchumaa, anaweka kiganja ndani ya alama ya gurudumu, kisha anajipangusa macho kwa mkono ule ule wenye tope.

Jumamosi mnunuzi wa chuma anapofika, Directeur limeshaondoka kwenda Kakanda. Anauliza kama hakuna kingine cha kubeba.

"Iko ukuta," Christiane anamjibu. "Unaweza kuibeba?"

Hata hivyo siku za ukuta huo zinahesabika. Théophile ameamua kuubomoa na kuujenga upya kiangazi kikifika, na Mama Simone ameahidi kwamba Directeur litaleta udongo. Uzi tayari umefungwa kwenye vijiti viwili kando ya nyumba, na mkewe amemkataza mtu mwingine yeyote kuugusa.

"Batu bote batakuwa na furaha," anasema Théophile, akiukagua uzi kwa jicho moja. "Ila paka. Paka itatafuta njia ingine."