Gurudumu la Nyuma Kabla ya Mteremko wa Kasenyi

Mama yangu na mdogo wake, Mama Ruta, walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya babu. Mmoja alikaa nasi Bunia, mwingine Kasenyi, ukingoni mwa ziwa. Mwaka ule, miaka ya sabini ikielekea kwisha, Mama Ruta alituma habari kwamba macho yake yanafifia, naye anataka kuuona uso wa dada yake wakati bado anaweza. Malori yalikuwa yamekosa mafuta. Mimi nilikuwa mwalimu, tuko likizoni, na nilikuwa na kinga, ile baiskeli yangu nyeusi. Nikafunga blanketi kwenye kiti cha nyuma, mama akapanda.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliiacha Mudzipela, mtaa wetu wa Bunia, umande ukiwa bado majanini. Mama alisalimia kila mtu tuliyempita, wengine mara mbili.

Karibu na Bogoro mpira wa nyuma ulitoboka. Niligeuza kinga miguu juu, nikatoa gurudumu, nikabandika kiraka, nikalirudisha mbiombio maana jua lilikuwa linapanda. Tulipoendelea, kitu kikaanza kulia chini yetu.

"Kinga iko nalia, mutoto wangu," mama alisema.

"Ni muchanga tu, mama. Itanyamaza."

Tulipoingia Bogoro, mwanamke aliyekuwa akianika maharagwe kando ya barabara aliinuka ghafla, akasimama mbele yetu na mikono wazi.

"Simama, baba! Mupira ya nyuma iko nacheza! Unataka kushuka na muzee wa watu namna hii?"

Aliitwa Mama Dorika. Mumewe alikuwa akipeleka mihogo Bunia kwa kinga, na kila jioni ni Mama Dorika mwenyewe aliyeitengeneza. Aliinama, akashika tairi, akalisukuma huku na huku. Likacheza kama jino bovu. Bulo ya kushoto, nati inayofunga gurudumu, niliweza kuizungusha kwa vidole viwili, na chuma cha katikati ya gurudumu kilikuwa kimeingia nusu tu kwenye mwanya wa fremu. Nikatazama mbele, mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwa, mawe matupu na makorongo. Jasho lilinitoka, na nilikuwa nimesimama.

Mama alikaa kwenye kigoda alicholetewa.

Nilimpa Mama Dorika ufunguo wa bulo. Akakataa kuupokea.

"Weye ndiye unamubeba. Fungua yote, anza upya."

Nikaanza upya. Kwanza nilivisha mnyororo kwenye meno ya gurudumu. Kisha nikaingiza chuma pande zote mbili mpaka ndani, pete zikiwa nje, chini ya bulo. Nikavuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukabaki na ulegevu wa kidole kimoja.

"Sasa tazama katikati," alisema. "Nafasi ya kuume na ya kushoto, iko sawa?"

Haikuwa sawa. Nikalisogeza.

"Sasa kaza. Kuume kidogo, kushoto kidogo. Ukimaliza upande moja kwanza, itapinda tena."

Nilikaza hivyo, kwa zamu, mpaka ufunguo ukagoma. Nikazungusha gurudumu: halikugusa upande wowote, halikulia. Nikajaribu breki, zikashika ukingo sawasawa. Mwishoni alinituma nizunguke uwanja wake peke yangu, halafu akashika tena tairi na kulitikisa kwa nguvu zake zote. Ndipo alipompa mama mkono apande.

Mchana tuliteremka polepole. Penye mawe makali mama alitembea nami nikasukuma. Ziwa lilipotokea chini yetu alicheka peke yake.

Alasiri tulifika Kasenyi. Mama Ruta alimshika dada yake mashavu, akamsogeza karibu sana na macho yake, akasema, "Umezeeka!" Walicheka mpaka machozi.

Siku ya nne nilirudi peke yangu. Mama alitaka kukaa mpaka mavuno. Nilipanda mlima nikisukuma kinga, na fungu la makayabo, samaki wa chumvi, limefungwa kwenye usukani. Bogoro, Mama Dorika aliniona kwa mbali. Akatazama kiti cha nyuma kitupu, kikapu cha maharagwe kikamponyoka.

"Muzee iko wapi?"

"Amebaki na mudogo wake. Anakusalimu sana, na samaki hii ni yako."

Alikaa chini pale pale, juu ya maharagwe, akashika kifua. Nikaketi kando yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa siku nne, mtu asiyetujua alikuwa ameibeba hofu ya mteremko ule pamoja nasi. Kufunga gurudumu nilijifunza siku ya kwanza. Hili nililijifunza nikiwa nimeketi naye, tukiokota maharagwe.