Bibi na Wale Malaika Wawili

Juzi nashuka stendi ya Katandala hapa Sumbawanga, natoka Laela na kagunia kangu ka maharage, bodaboda akanipigia honi mgongoni, honi ya kufufua wafu. Nikaruka juu, nadhani Zambia yote niliiona, nikapiga kelele: "Yesu na Maria!"

Kijana akasimamisha pikipiki, anacheka mpaka machozi. "Shikamoo mama! Sasa na ushungi wote huo, unamwita Maria?"

"Marahaba, shika njia yako," nikamwambia. Lakini moyo wangu ulishaondoka zamani, uko jikoni kwa bibi, mama yake baba. Neno lile ni lake, mimi nimerithi tu.

Bibi alizaliwa Ilemba, kwa wakulima Wakatoliki, akakua na rozari shingoni. Babu akapita huko akiuza vitenge, na vitenge vyake vilikuwa vizuri kuliko yeye mwenyewe. Bibi akasilimu, akaolewa, akahamia mjini. Aliswali, alifunga, hakuwa na mchezo. Ila akishtuka! Sufuria ikianguka, radi ikipiga, "Yesu na Maria!" Halafu anaziba mdomo haraka kwa kiganja chenye unga, "Astaghfirullahi," uso umebaki mweupe kama mzuka.

Na baridi ya Sumbawanga ya siku hizo, ndugu yangu, usiifananishe na hii ya sasa. Ulikuwa ukikamua ng'ombe, maziwa yanatoka yamejikunyata. Tulishinda jikoni, moshi wa kuni mbichi, uji wa ulezi unachemka taratibu, bibi anaimba kwa Kifipa kitu ambacho sikukielewa chote. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mwanga mwekundu ukipanda na kushuka ukutani, kama nyumba inapumua.

Raha yangu ikaharibika madrasa. Ustadhi alitufundisha kuwa mtu akizikwa, wanamjia malaika wawili, Munkari na Nakiri, wanamuuliza: Mola wako nani? Mtume wako nani? Dini yako ipi? Sauti zao kama ngurumo. Wenzangu waliogopa kwa ajili yao wenyewe. Mimi niliganda kwa ajili ya bibi. Ngurumo! Si atashtuka? Na akishtuka, si atalitamka lile neno, tena mbele ya malaika?

Basi nikajipa kazi ya kumzoesha. Bibi anasonga ugali, mimi nanyata nyuma, nanguruma: "Mola wako nani?"

"Yesu na Maria!" Mwiko huo, umegonga dari.

"Umefeli bibi! Unaungua!"

"Kaungue wewe na babu yako, mke mwenza mkubwa!" Ananikimbiza uani na mwiko wa moto, mtaa mzima unacheka. Jirani yetu, mzee Mkatoliki mkulima wa mahindi, anaegemea ua wake anauliza, "Leo amefaulu?" Hata siku moja hakufaulu.

Nikaanza kuogopa kweli. Usingizi ukapotea. Nikawa najiuliza, Mungu gani huyu wa kumchoma mtu anayelisha kila anayepita, kwa sababu tu ulimi umeteleza? Na wazo lenyewe likanitisha, nikaona na mimi nishapotea. Nikamfuata ustadhi. "Mtu akijibu vibaya kwa kushtuka, anaulizwa tena?"

Alijua namsema nani. Akasema, "Mwanangu, Mungu havizii watu."

Nilitaka sana kuiamini ile kauli. Nusu iliingia, nusu ikabaki nje.

Masika yaliyofuata bibi akaondoka, amelala tu, mvua inanyesha. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, wanaume wakaenda kuzika. Mimi nimejikunja jikoni kwenye majivu ya baridi, nahesabia moyoni: sasa wanafukia, sasa wanaondoka, sasa wale wawili wanafika.

Baba mdogo aliporudi, matope mpaka magotini, akaanza kusimulia. Ustadhi alisoma talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti majibu yake. Alipomaliza Kiarabu, akainua macho akasema, "Huyu mama lugha yake ilikuwa Kifipa, na mimi ni mtu wa Kigoma, nani atamwambia?" Wanawe wote wanalia tu. Akajitokeza yule jirani Mkatoliki. Akavua kofia, akachuchumaa kwenye tope, akaongea na kaburi kwa Kifipa, polepole, kama anamwamsha mtu:

"Dada, wanakuja wageni wawili. Usishtuke. Vuta pumzi kwanza. Wakikuuliza, sema Mola wangu Allah, Mtume wangu Muhammad. Usiwe na haraka, dada, watakungoja."

Wapo walionung'unika, eti Mkristo anasomaje talakini. Ustadhi akawajibu kwa "Amina" moja ndefu, biashara ikaisha.

Sasa jiko lile ni kibanda cha kuchaji simu. Ustadhi hayupo, jirani hayupo, na Kifipa changu kimebaki cha kusalimia tu. Wajukuu wananiuliza, alifaulu? Nawaambia alifaulu kwa kishindo, malaika walikunywa uji wakaomba wa kubeba. Mnanijua, chumvi kwangu haiishi.

Ila nikibaki peke yangu siongezi kitu. Sijui alijibu nini. Naomba tu wawe wamemngoja.