Safu ya Mwisho Haioni

Saa mbili asubuhi, Jumanne, mpimaji wa maabara anawasha hadubini mbili: yake, na ya mumewe kwenye meza ya pili. Mumewe, fundi wa kuunganisha, ameamka na homa. Amemwambia atangulie, yeye atafuata jua likipanda. Kabla ya chakula cha mchana simu inaita. Ni jirani yao wa nyumbani, na hamalizi sentensi.

Hayo yalitokea mwaka jana. Mjane huyo bado anafanya kazi katika chumba kilekile kisicho na dirisha, amevaa kofia nyeupe na viatu vya kitambaa, kwa sababu punje moja ya vumbi inatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Hapa vinatengenezwa vipokezi vya eksirei. Picha ya kawaida ya eksirei ni kivuli: hapa peupe, pale peusi. Kipokezi hiki huhesabu miali mmoja mmoja na kupima nguvu ya kila mmoja, hivyo daktari anaweza kutofautisha mfupa na dawa iliyo ndani ya mshipa. Uso wake umegawanywa katika pikseli, vijumba vyenye upana wa unywele.

Udogo huo una matata yake.

“Mwali ni kama mgeni. Akibisha katikati ya milango miwili, kila nyumba inasema kapita mgeni mdogo,” anaeleza. “Kumbe ni mmoja, tena mkubwa. Kwa hiyo tunazifundisha nyumba ziulizane kabla ya kuhesabu.”

Anafuta lenzi ambayo tayari ni safi.

“Sisi tulikuwa hivyo. Jambo likitokea, nusu yangu, nusu yake. Sasa linaniangukia lote.”

Mumewe alikuwa akishusha fuwele, kipande cheusi chembamba kinachonasa miali, juu ya chipu inayohesabu. Kati ya fuwele na chipu kuna vitone vya metali laini, kimoja kwa kila pikseli, na lazima vyote vikutane. Alikuwa akibana pumzi mpaka fuwele itue, na wenzake wakamwita Pumzi. Walizoea kumtania kwamba iko siku atasahau kuivuta tena. Tangu azikwe, hakuna aliyerudia mzaha huo.

Aliporudi kazini baada ya msiba, mpimaji alikuta mezani kipokezi ambacho mumewe alikiunganisha Ijumaa ile ya mwisho. Alikiwasha. Kilihesabu vizuri, isipokuwa safu ya mwisho pembeni, iliyokuwa kimya kabisa. Fuwele ilikuwa imetua safu moja kando. Mtu ambaye hakuwahi kukosea hata nusu safu alikuwa ameifanya kazi ile akiwa tayari na homa, na hakumwambia mtu.

Kipokezi chenye kasoro hiyo hakiwezi kwenda popote. Kawaida hupashwa moto, vitone vikalegea, fuwele ikatolewa ili itumike tena. Mhandisi wa maabara, kijana aliyemwita marehemu kaka, hakuligusa suala hilo. Alimwachia mjane akiweke kwenye kabati lake, na kila Ijumaa jioni, wengine wakishaondoka, mjane huyo alikiwasha akakitazama.

Mwezi uliopita fuwele nzuri zikaisha, na shehena mpya ikachelewa. Mhandisi alizunguka meza ya mjane asubuhi nzima kabla ya kusema.

“Shemeji, ile fuwele tunaihitaji.”

“Tafuta nyingine.”

“Ningekuwa nayo, ningekuja kukutazama usoni hivi?”

Mjane alirudi kwenye vipimo vyake. Nyumbani dada yake alimwambia waziwazi kwamba mtu haombolezi bati. Alimjibu kwamba dada ana haki ya kusema hivyo, maana mume wake bado anakoroma chumba cha pili.

“Mashati yake niligawa yote, sikulia,” anasema. “Lakini kipokezi kile kilikuwa kimepinda. Nilipokiwasha niliona mahali mkono wake ulipotetemeka. Nitaupata wapi tena mkono ule?”

Kilichomgeuza, anasema, ni kuwaza marehemu angesema nini akikuta fuwele nzima imefungiwa kabatini wakati kazi imesimama. Angenuna wiki nzima, asile hata alichopikiwa.

Alikubali, kwa sharti kwamba mtu mwingine asikiguse. Wenzake walitoka chumbani bila kuambiwa. Alipandisha moto taratibu, akangoja vitone vilegee, akainua fuwele kwa kibanio. Ilitoka bila ufa.

Tangu hapo anajifunza kuunganisha, akitumia vipande vibovu. Anatamani siku moja afikie ule utuaji wa mumewe, ambao haukusikika. “Mimi bado natua kama gunia,” anasema, akicheka kidogo.

Jumatatu ataishusha fuwele ile juu ya chipu mpya. Safu zote zikihesabu, kipokezi kitafungwa ndani ya mashine ya majaribio hospitalini, na hatakiwasha tena.