Mguu wa Kanisani

Nimezaliwa na mdomo mwepesi na mguu wa kulia usiotulia. Mdomo umenigombanisha na nusu ya Kariakoo. Mguu ulinigombanisha na mtu mmoja tu, na ugomvi huo naukumbuka kwa raha kuliko sikukuu nyingi nilizowahi kula.

Kinanda nilijifunzia kanisani. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro wakafungua duka la vyombo Kariakoo, na baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, hakupenda kuona mtoto amekaa bure siku ya Jumapili. Nikakalishwa kwenye kinanda cha kukanyaga. Hicho hakijui umeme. Kina pedali mbili chini. Unakanyaga kulia, unakanyaga kushoto, upepo unaingia ndani na sauti inatoka. Ukisahau kukanyaga, kinakata roho katikati ya ubeti na kanisa zima linageuka kukutazama. Nilitazamwa hivyo siku moja nikiwa binti mdogo, nikatamani ardhi ipasuke. Tangu hapo miguu yangu ikikaa mbele ya kinanda chochote hujikanyagia yenyewe.

Ukuta kwa ukuta na duka letu kulikuwa na klabu ya kikundi cha taarabu. Walikuwa watu wa Pwani, wengine vibarua wa bandarini, wengine wauza samaki wa Feri, na walikutana kila siku baada ya sala ya alasiri. Mpiga akodiani wao alipohamia Tanga, kiongozi wao akanunua kinanda cha umeme kilichoachwa na bendi ya hoteli iliyosambaratika. Kilikuwa chekundu, kimechubuka pembeni, na kimesimama juu ya miguu ya chuma. Kwa miaka ile, ambapo hata sabuni tulikuwa tukiipangia foleni, kupata chombo kama hicho ilikuwa kama kuokota lulu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kukipiga.

Kiongozi alikuwa mzee mpiga fidla, mwembamba, mwenye kofia nyeupe kuliko zote mtaani. Aliposikia kwamba napiga kinanda kanisani, alikuja dukani mwenyewe kuniomba kwa baba.

"Vidole ni vidole, bwana," alimwambia baba. "Havina dini."

Baba alijifanya kufikiri sana, kisha akasema sawa, mradi magharibi iwe imenikuta nyumbani. Mimi nilijua mapema kwamba angekubali. Kila jioni alikuwa akitikisa kichwa kufuata nyimbo zao nyuma ya kaunta, akidhani hatumwoni.

Nilikipenda kiti kile kuanzia siku ya kwanza. Kanisani nilikuwa nikipiga kilichoandikwa. Hapa fidla ilikuwa inauliza, kinanda kinajibu, na kama jibu ni tamu watu wanapiga kelele "Alaa!" Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, siku nzima nafuta vumbi kwenye sufuria, na sasa palikuwa na mahali pamoja mjini ambapo watu wazima walisubiri niwajibu. Nilijisemea kiti hiki sikiachi.

Ila sauti ilikuwa na kasoro. Ilikuja, ikaondoka, ikaja tena, ikaondoka.

"Kinanda gani hiki kinachungulia na kujificha?" kiongozi alifoka. "Mimi nataka sauti iliyonyooka. Sauti ya kinanda iwe kama uzi, shanga tutazitunga sisi."

Lawama zote zilimwendea mpiga besi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi wetu wa amplifaya. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeipenda amplifaya ile kama mtoto wa kuzaa. Ilikuwa ya taa, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama katika redio za zamani, na hakuruhusu mtu aiguse mpaka ipate moto vizuri.

"Iacheni inywe chai kwanza," alikuwa akisema. "Amplifaya baridi hutoa sauti ya debe."

Spika alikuwa ameichongeshea sanduku la mninga kwa maseremala wa mtaa wa Gerezani, na ndani amelijaza sufi ya mto. Wakaanza kubishana juu ya sufi. Kiongozi akasema sufi imezidi, sauti inakabwa koo. Mpiga besi akasema bila sufi sanduku litanguruma kama pipa tupu. Wakatoa sufi, sauti ikaja na kuondoka. Wakarudisha sufi, ikaja na kuondoka. Mpiga besi akabadilisha taa moja, akaomba nyingine kwa fundi redio, akabandika karatasi kwenye mpasuko wa spika kwa gundi ya uji, akahamisha waya wa umeme kutoka ukuta huu hadi ule. Mimi nami sikunyamaza. Nilikuwa mstari wa mbele kuilaumu amplifaya, tena kwa sauti ya juu.

Hatimaye siku moja mpiga besi aliinama chini ya kinanda kutafuta waya uliolegea. Hakurudi juu haraka. Nikaendelea kupiga. Nikasikia kicheko kinatoka miguuni pangu.

"Mzee," alimwita kiongozi, "njoo uone ugonjwa wa amplifaya."

Kinanda cha umeme kina pedali moja tu, nayo haipulizi kitu. Ni ya kupandisha na kushusha sauti. Ukiikandamiza sauti inakua, ukiiachia inafifia, na mpigaji mwenye akili huiweka mahali pamoja akaiacha. Mimi nilikuwa naikanyaga bila kupumzika, kama naendesha cherehani, na mguu wa kushoto ukikanyaga sakafu tupu. Wallahi sikujua, na wenzangu Waislamu wanisamehe kwa kuazima kiapo chao.

Kikundi kizima kilicheka hadi mpiga tari akalala chini. Mwimbaji wetu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kujaza mtaa na dhahabu masikioni, alicheka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kiongozi hakucheka.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Huyu kaja kwetu amekwishakauka."

Hapo nikapandwa na hasira. "Mzee, kama nimekauka nirudishe dukani!"

"Tuna harusi Mchafukoge Jumamosi," alijibu bila kunitazama. "Nitamwalika yule kijana mpiga kinanda wa bendi ya dansi kule Magomeni aje asikilize. Mguu ukitulia, kiti ni chako. Usipotulia, atakaa yeye."

Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi, na nikiwa peke yangu nililia. Wiki nzima nilijaribu kuutuliza mguu. Niliufunga kwa mtandio kwenye mguu wa kiti, ukaenda na kiti chake. Mwishowe mpiga besi, kwa kunihurumia, alichonga kibao kidogo cha mninga akakishindilia chini ya pedali. Ikakazika mahali pamoja. Ningeweza kukanyaga nitakavyo, sauti isitikisike.

Jumamosi turubai lilifungwa barabarani, wanawake wakajaa mbele na manukato yao, watoto wakapanda madirishani. Kijana wa Magomeni alikuja na miwani yake ya jua, akasimama karibu na spika, mikono kifuani. Nilimchukia hata kabla hajanisalimia. Amplifaya ikanywa chai yake. Tukaanza.

Sauti ilitoka imenyooka, uzi mtupu. Kiongozi akafumba macho kwa raha. Kisha yule mama mwimbaji akaingia na ubeti wa kwanza, na mambo yakaharibika. Alichelewa kuingia. Ubeti wa pili aliishiwa pumzi kabla ya neno la mwisho, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake. Wanawake wakaanza kutazamana. Akajaribu tena, akakwama tena. Mimi nilikuwa natokwa na jasho, nikifikiri amepatwa na maradhi.

Aligeuka akanitazama, kisha akatazama miguu yangu. Nayo ilikuwa ikienda kama kawaida, bure kabisa. Fidla ikiendelea, yule mama akatembea taratibu hadi kwenye kinanda, akainua kidogo gauni lake, na kwa kiatu chake cha kisigino akakipiga teke kile kibao. Kikateleza hadi mbele ya kiongozi.

"Kinanda kikivuta pumzi ndipo nami navuta!" aliniambia sikioni. "Nimezoea hivyo tangu ulipokuja. Nani kakuambia uninyonge mbele za watu? Kanyaga!"

Nikakanyaga. Loo, nilikanyaga! Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda, naye akapanda juu yake kama mtu anayejua ngazi za nyumbani kwake gizani. Wanawake wakainuka, vigelegele vikapokezana kutoka turubaini hadi ghorofani. Mpiga besi alikuwa anacheka huku anapiga. Bibi harusi, anayetakiwa ainamishe uso, aliuinua. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijaipatia jina, nikaimba kwa mdomo wazi maneno nisiyoyajua.

Nyimbo zilipokwisha, kijana wa Magomeni akavua miwani.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia kiongozi. "Hii amplifaya yenu mmeifanya nini? Sauti yake inapumua."

"Marahaba, mwanangu," kiongozi alijibu, akaanza kufuta fidla yake.

"Sufi," alisema mpiga besi haraka. "Sufi ya mto."

Kijana akazunguka nyuma ya sanduku, akachungulia, akagonga mbao, akaondoka akitikisa kichwa. Baadaye tulisikia kwamba nyumbani kwake hakuna mto uliosalimika.

Kiongozi hakuniambia neno, la kunisifu wala la kunifukuza. Nikakaa siku kadhaa roho juu, sijui kama kiti bado ni changu. Harusi iliyofuata ilikuwa ya hapo hapo Kariakoo. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti mbele ya kinanda na kanga ya mkewe, anaitundika kwa pini ishuke kutoka kwenye vibonye hadi chini.

"Ni ya nini hiyo, Mzee?"

"Watu wasione miguu yako."

Damu ikanipanda. "Sketi yangu ni ndefu!"

"Nani kataja sketi?" Alichomeka pini ya mwisho. "Mjini kuna wezi."

Akasimama, akaikagua kanga kutoka mbele, akahamia kulia, akahamia kushoto, mpaka akaridhika kwamba hauonekani hata unyayo. Kisha akachukua fidla yake, akaiweka begani.

"Haya," alisema. "Kanyaga."