Siku Sebule ya Kailemia Ilipoatamia Mayai

Kailemia wa Timau alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Aliwahi kutengeneza pasi ya mwalimu mkuu ikawa inaunguza suruali hata dakika kumi baada ya kuchomolewa ukutani, naye akasema huo ndio utaalamu. Tangu arudi kutoka Meru mjini na cheti cha kozi ya siku tatu, hakuitika tena jina lake. Ukimwita Kailemia, anatazama mlima. Ukimwita Injinia, anageuka yeye na ng'ombe wake.

Mkewe, Kagwiria, alikuwa na mashine ya kutotoa vifaranga: sanduku la mbao, balbu mbili, na kidude cha kupimia joto kilichofanya kazi miaka minne bila kumkosea mtu. Ndani mlikuwa na mayai themanini ya akina mama wa chama chake, nayo yalikuwa katika siku ya ishirini. Ilibaki moja.

Asubuhi hiyo hiyo ndipo Kailemia alipokitazama kidude akaona aibu. "Hiki ni cha enzi za mkoloni," akasema, akakikata nyaya kwa koleo.

Mahali pake akaleta kompyuta ndogo, nyembamba kama biskuti, isiyo na tundu hata moja la kuchomeka waya. Kompyuta ya namna hiyo hukaa juu ya ubao wake, na ubao ndio wenye matundu yote: ya umeme, ya skrini, ya kipima joto. Bila ubao ni mgeni aliyekuja harusini akakosa kiti.

"Dakika kumi," Injinia alisema.

Saa tisa alasiri ubao ulikuwa umewasha taa nyekundu peke yake. Ya kijani, ya kuonyesha kompyuta imeamka, ilikuwa kimya kama mdaiwa. Nje ukungu ukaanza kuteremka mlimani, na baridi ya Timau haibishi hodi. Kagwiria akagusa yai moja. Lilikuwa linapoa.

"Baba Kiende, rudisha kile cha zamani."

"Nimekikata."

"Kiunganishe."

"Skrubu zake ndizo nimefungia hii."

Kagwiria hakupiga kelele, na hapo ndipo Kailemia alipoogopa kabisa. Mkewe alitoka nje akaita majirani. Muda si muda sebule ikajaa watu waliovimba. Cicily, mwenyekiti wa chama, alikuwa na mayai ishirini ndani ya makoti mawili na hawezi kuinama. Njagi wa bodaboda alikuwa na thelathini ndani ya lile jaketi lake la upepo. Kagwiria mwenyewe alijifunga ishirini na sita kifuani kwa leso. Manne yaliyobaki alipewa Mzee Kaimenyi wa kanisa, mawili kila kwapa, akasimama kama askari wa gwaride.

"Injinia," Njagi akasema, "pua inaniwasha. Nikipiga chafya hapa tunakula chapati na mayai."

"Usithubutu!"

"Kuku hufanya kazi hii bila cheti," Cicily akasema, akitazama dari. "Wala haiti majirani."

Kailemia akabadilisha waya. Akabadilisha chaja. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Umeme wa leo ni mwepesi," akasema, lakini jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Mayai yakifa, Injinia anazikwa pamoja nayo, na huyo Kailemia atakayebaki hatatumwa hata kubadilisha balbu.

Kagwiria akasogea. "Hiyo kompyuta uliikalisha vipi hapo juu?"

"Polepole. Ni kitu laini, Mama Kiende. Kinashikwa kama yai."

"Yai ninalo mimi hapa. Hicho ni kifuniko."

Kila alfajiri Kagwiria hufunga mitungi ya maziwa ya kupeleka deri. Kifuniko kilichowekwa tu, bila kukandamizwa, huonekana kimefungwa vizuri mpaka mtungi uanguke barabarani. Naye aliona upande mmoja wa ile biskuti umeinuka kidogo, unene wa ukucha.

"Zima umeme."

Alizima. Hajawahi kumtii mkewe haraka namna ile tangu kanisani.

Kagwiria akaweka vidole gumba, akakandamiza upande huu. Ta! Akakandamiza upande ule. Ta! Kailemia alikuwa amefumba macho.

"Washa."

Nyekundu. Kisha kijani, ikapepesa kama jicho lenye usingizi. Balbu zikawaka, na joto kwenye skrini likaanza kupanda.

"Haleluya!" Mzee Kaimenyi akapaza sauti, na kwa mazoea ya miaka arobaini akainua mikono yote miwili.

Mayai matatu yaliangukia kochi. La nne Njagi alilituliza kwa mguu kama mpira, likaviringika hadi katikati ya sebule na ufa ubavuni. Kisha ufa ukasogea, kikatoka kidomo, na sauti ndogo sana.

"Mzee," Njagi akasema, "hongera. Umejifungua salama."

Kesho yake yalianguliwa sabini na mawili, na akina mama wakachukua vifaranga vyao. Mbele ya wageni Kailemia bado ni Injinia. Lakini akipata kazi ya ubao kama ule, kabla hajawasha hugeukia jikoni akaita taratibu, asisikike na mteja:

"Mama Kiende, hebu njoo na hicho kidole gumba."

Naye huja, kama maziwa yameshaondoka.